Kastabini ya Fundi Mmadi

Mkasi ulipatikana siku ya Ijumaa, na kupatikana kwake kukamharibia Inspekta Pandu Makungu kesi aliyokuwa keshaifunga kichwani.

Ilikuwa kesi nyepesi. Siku tano baada ya Idd, Masoud Shaame, mwenye duka la ushoni Mji Mkongwe, alikuja kituoni kuripoti kwamba fundi wake wa kukata nguo, Mngazija anayeitwa Mmadi Msa, ametoroka kazini bila ya kuaga, na ameondoka na mkasi mkubwa wa duka. Pandu aliandika, akaenda, akamkamata. Mmadi hakubisha. Alikunja msala wake, akafunga mlango wa chumba chake, akanyoosha mikono mbele. Pandu alikuwa na mazoea ya kuwahesabu wasiobisha kuwa wana hatia. Huo ndio ulikuwa utaalamu wake, pamoja na kumbukumbu. Wenzake walimsifu kwa kukumbuka nambari za baiskeli zilizoibiwa mwaka wa juzi, na sifa hizo yeye hakuwa akizikataa.

Sasa Koplo Mcha alikuwa amekwenda Darajani kunolesha kisu cha mkewe, akauona mkasi umetundikwa ukutani kwa mnoa visu. Mnoaji alimwambia bila ya kuulizwa mara mbili: uliletwa na Bwana Masoud mwenyewe, kabla ya Ramadhani, kisha akausahau.

"Basi wizi umekufa," alisema Mcha Jumamosi asubuhi, akiuweka mkasi juu ya meza.

"Umekufa," Pandu alikubali. "Utoro uko hai."

Na utoro ndio uliokuwa na meno. Mmadi hakuwa raia. Kibali chake cha kuishi Unguja kilikuwa cha kazi, na kilifungamana na jina la Masoud. Mfanyakazi wa namna hiyo akiacha kazi, tajiri wake huandika barua uhamiaji kusema kwamba huyu ameshaondoka kwangu; kibali kinafutwa, na mtu anapewa karatasi ya kusafiria. Tajiri asipoandika, mtu huyo anabaki ananing'inia: kazi hana, na njia ya kutoka hana. Akiandikwa kuwa ni mtoro, ndiyo basi tena.

Pandu alimwita mahabusi wake. Mmadi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, ncha ya kidole chake cha kati imekauka ngozi kwa kusukuma sindano. Alikaa pale alipoonyeshwa.

"Mkasi umeonekana, fundi."

"Alhamdulillahi."

"Sasa nieleze habari ya kuacha kazi. Polepole. Uliandika barua?"

"Sikuandika, Bwana Inspekta. Nilipoingia kwa yule bwana, miaka kumi na moja nyuma, hatukuandikiana. Alinipa kastabini."

Pandu alikuwa ameshalisikia neno hilo katika maelezo ya mwanzo, akalipuuza. Kastabini ni kile kikopo kidogo cha chuma anachovaa fundi kidoleni ili sindano isimchome. Mmadi alimweleza kwamba katika duka lile fundi anayepokelewa hupewa kastabini na tajiri kwa mkono wa kulia, na anayeondoka huirejesha kwa mkono huohuo. Tajiri akiipokea, ameridhia. Inasomwa Fatiha, na watu wanaachana kwa wema.

"Yako ulirejesha lini?"

"Jumanne, siku moja baada ya nusu ya Shaaban. Saa nne za asubuhi. Ile yenye kiraka cha shaba. Aliipokea. Akaniambia nimalizie nguo zilizokwisha kukatwa, nitoke mwezi ukiandama, na barua ya uhamiaji ataandika yeye."

"Akaandika?"

"Alisema baada ya kufunga. Kisha akasema baada ya Idd. Nilikuwa nikenda kila Jumatatu kumkumbusha. Jumatatu ya mwisho nilimwambia meli ni Jumamosi. Kesho yake akaja kwenu."

"Jumamosi ya leo?"

"Leo saa saba mchana. Binti yangu anaolewa Alkhamisi, Bwana Inspekta. Ile harusi yetu kubwa, ya mji mzima, na baba ndiye anayetangulia. Nilimwacha ana miaka saba. Meli nyingine ni mwezi wa pili."

Pandu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Nani alikuwepo ulipoirejesha?"

Mmadi alimtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko inavyopasa mahabusi kumtazama askari. Kisha akainamisha macho.

"Bi Mwatum wa vifungo. Na wateja."

"Wateja gani?"

"Mimi nilikuwa naaga. Wao wanajijua."

Jibu hilo lilimkera Pandu, akaliandika kama lilivyo, akachukua kofia yake.

Duka la Masoud lilikuwa na vyumba viwili, cha mbele cha kukatia na cha nyuma cha kushonea, na asubuhi ile vyote vilijaa vitambaa vya kaki. Masoud alikuwa amepewa kushona sare za vijana wa gwaride la Januari, na zilikuwa zimebaki wiki tatu. Alikuwa amesimama mezani, chaki sikioni, kipande cha kaki mbele yake kimekatwa upande. Hata Pandu, asiyejua kushona, aliona kuwa kimekatwa upande.

"Karibu, Ndugu Inspekta. Mkasi umepatikana?"

"Umepatikana ulikoupeleka."

Masoud alipiga paji lake la uso. "Lo! Wallahi nimesahau kabisa. Kazi hizi zitaniua."

"Na barua ya Mmadi umeisahau vilevile?"

"Barua ipi? Mtu hajaniaga. Nimeamka siku ya kwanza ya Ramadhani, fundi hayupo. Nikasema labda anaumwa."

"Ukasema anaumwa mwezi mzima?"

"Mimi ni mtu wa subira."

"Anasema alikurejeshea kastabini."

"Kastabini!" Masoud alicheka. "Zimejaa humu, Inspekta. Kila sanduku utaikuta moja. Hiyo nayo ni ushahidi?"

Pandu alikwenda chumba cha nyuma. Bi Mwatum, mwanamke wa miaka sitini hivi, alikuwa amekaa juu ya mkeka akitia vifungo. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Kidoleni alikuwa na kastabini ya chuma iliyotobolewa na sindano za miaka mingi, na tobo lile likazibwa kwa kipande cha shaba nyekundu.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo uliyovaa, umeanza kuivaa lini?"

Bi Mwatum alisikiliza kwanza kama Masoud yuko karibu. Mkasi mwingine ulikuwa ukilia chumba cha mbele.

"Nimepewa Shaaban. Iliporejeshwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. We si unamjua mwenyewe."

"Ulikuwepo alipoirejesha?"

"Nilikuwepo, na Fatiha nimeitikia. Lakini miye usinitie kwenye makaratasi yako, mwanangu. Nna wajukuu wanne, na kazi yangu ni hii tu. Leo nkisema, kesho ntakaa wapi?"

"Bila ya shahidi, Mmadi hatoki."

"Shahidi!" Bi Mwatum alivuta uzi, akaukata kwa meno. Alimtazama Inspekta juu ya miwani yake, na katika macho yake mlikuwa na mshangao wa kweli. "Kwani kanzu yako ya Idd ulipimwa siku gani, baba?"

Pandu alizirudisha siku nyuma, moja moja.

Alipimwa siku ya Jumanne. Alikuja asubuhi kabla ya kuingia zamu ya mchana, alisimama juu ya kile kibao cha kupimia, pale pale chumba cha mbele, mikono ameitandaza. Mmadi alikuwa nyuma yake na utepe. Kisha Masoud alitoka ndani, yakasemwa maneno mawili matatu baina yao ambayo Pandu hakuyasikiliza, kwa sababu alikuwa akiwaza ukosi uwe wa darizi nyeupe au ya rangi ya maziwa. Akaona mikono imenyanyuliwa. Hakuna mtu wa Unguja anayeuliza Fatiha inasomwa kwa ajili ya nini. Pengine ni mgonjwa, pengine ni safari, pengine ni ng'ombe amenunuliwa. Ukiona mikono iko juu, nawe unanyanyua, unasoma, unasema amin, unajipangusa uso, unaendelea na shughuli zako. Naye ndivyo alivyofanya. Alisema amin kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akasema ukosi uwe wa darizi nyeupe.

Asubuhi nzima alikuwa akitafuta shahidi, na shahidi alikuwa akilala nyumbani kwake mtaa wa Amani na kanzu ameitundika ukutani.

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Njia ilikuwa fupi: kwenda uhamiaji, kuandika kwa mkono wake kwamba mimi, Pandu Makungu, nimeona kwa macho yangu fundi akiaga na tajiri akiridhia, kutia saini, kumfungulia mtu. Alisimama uani akaifikiria njia hiyo. Lakini barua ya namna hiyo ingesomwa na wakubwa zake. Wangeuliza kilichomfanya amtie ndani mtu aliyeaga mbele yake. Miaka ile maswali kama hayo yalikuwa hayaishii kwenye kuulizwa tu. Akasema moyoni: Masoud akikiri mwenyewe, jina langu halitakuwa na haja ya kutajwa. Saa moja itatosha. Alirudi ndani.

"Nipe daftari la vipimo," alimwambia Masoud.

Daftari lilikuwa refu, la jalada gumu. Kila mteja aliandikwa siku aliyopimwa, na aliyepima alitia alama yake pembeni. Alama ya Mmadi ilikuwa nukta tatu. Pandu alipitisha kidole chake cha shahada juu ya kurasa, akazikuta nukta tatu Rajab yote, akazikuta Shaaban.

"Huyu hapa mpaka mwezi ishirini na tisa Shaaban," alisema. "Na huu msitari chini ya mteja wake wa mwisho, umepigwa kwa rula. Nani kaupiga?"

"Sijui."

"Wino wako. Chini ya msitari kuna alama yako wewe, tangu siku ya kwanza ya Ramadhani. Mtu anayedhani fundi wake anaumwa hafungi hesabu yake kwa rula."

Masoud alinyoosha mkono, akarudisha nyuma ukurasa mmoja ambao Pandu alikuwa ameupita upesi.

"Huu mbona umeuruka, Ndugu Inspekta? Umo humu. Kanzu moja, darizi nyeupe." Sauti yake haikuwa ya ukali, karibu ilikuwa ya huruma. "Ulikuwepo. Ulipokaa kuandika ripoti yangu nilitetemeka, nikasema leo nimekwisha. Hukusema kitu. Nikajua tumeelewana."

"Hatukuelewana."

"Basi ulisahau. Mimi sijui lipi bora kwako."

Pandu alilifunga daftari.

"Andika barua," alisema. "Sasa hivi."

"Ntaandika. Sikumtakia mabaya Mmadi. Nilitaka sare hizi ziishe tu, nani mwingine atanikatia? Nilijua akiwa hana karatasi hatakwenda popote, atarudi mezani mwenyewe. Ntaandika, lakini na wewe uifute ripoti ya utoro, na mimi nisishitakiwe kwa uwongo. Na wewe hukuwepo. Tukubaliane."

Wakakubaliana. Hilo ndilo jambo ambalo Pandu alikuja kulijutia kuliko kumfunga Mmadi, kwa sababu kumfunga alimfunga bila ya kujua, na hili alilifanya akiwa na akili zake zote.

Masoud aliandika. Karatasi ya kwanza aliharibu. Ya pili alitia kwamba barua imechelewa kwa wingi wa kazi, Pandu akakataa, wakabishana juu ya neno "kazi". Ya tatu ilikuwa sawa, lakini haikuwa na muhuri wa duka, na muhuri ulikuwa nyumbani kwake Kiembe Samaki, ndani ya kabati, na funguo za kabati anazo mkewe. Walikwenda kwa Land Rover ya kituo. Mkewe alikuwa kwa jirani, kwenye arubaini ya mtoto. Alitafutwa, akapatikana, funguo zikapatikana. Waliporudi mjini ilikuwa saa sita na robo imeshapita. Pandu hakuiangalia tena saa yake. Aliifunika kwa mkono wa shati.

Ofisa wa uhamiaji aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke kijana, Shemsa, mwenye sifa ya kutomuweka mtu akingoja. Alisoma barua, akalitafuta faili, akaanza kujaza bila ya kuinua kichwa.

"Huyu alishakuja mwenyewe mara mbili," alisema. "Maskini, nilimwambia lete barua ya tajiri, au lete mtu mmoja wa kuaminika aliyeshuhudia. Alisema shahidi anaye, lakini hawezi kumlazimisha."

"Mtu mmoja anatosha?"

"Akiwa mtumishi wa serikali anatosha. Ningemaliza kwa nusu saa." Alipuliza wino ukauke, akageuza ukurasa. Zilikuwa zimebaki kurasa mbili na picha ya kubandikwa.

Honi ya meli ililia kutoka bandarini. Ililia mara moja, ndefu, ikanyamaza. Shemsa aliacha kuandika.

"Ndiyo hiyo aliyokuwa akiifuata?"

"Ndiyo," alisema Pandu.

"Nimalizie?"

"Malizia."

Alirudi kituoni na karatasi halali, yenye muhuri mbichi, isiyokuwa na kazi. Njiani aliyapanga maneno. Angeweza kusema Masoud amechelewesha, lisingekuwa uwongo. Koplo Mcha alimfungulia mlango wa mahabusi. Mmadi alikuwa amekaa kwenye benchi, na kofia yake ameivua, ameiweka magotini. Honi ilikuwa imesikika mpaka huku.

Pandu alikaa kwenye benchi hilohilo. Maneno aliyoyapanga yalikataa kutoka.

"Fundi, mimi nilikuwepo."

"Naam."

"Siku ya kastabini. Ulikuwa ukinipima."

"Mabega inchi kumi na tisa," alisema Mmadi. "Mkono mmoja umezidi kidogo."

"Nilikumbuka leo saa nne kasoro robo. Ningekwenda uhamiaji kusema, ungekuwa melini sasa. Nilimfuata Masoud ili jina langu lisionekane. Nimekosa. Nimekukosea mara mbili."

Mmadi aligeuza kofia yake, akaukagua ushoni wa ndani, kwa mazoea ya kazi.

"Ulinijua siku niliyokuja kukukamata?" Pandu aliuliza.

"Nilikujua ulipopiga hodi. Nilifurahi. Nilisema, Mungu mkubwa, wamemtuma aliyeitikia amin."

"Sasa kwa nini hukunambia? Siku tatu hizi! Hata asubuhi nimekuuliza wateja gani."

"Nilidhani unakumbuka, Bwana Inspekta. Kila mtu anasema wewe husahau. Mtu anakumbuka, na bado anakutia pingu. Basi ameshaamua yeye, au wameshaamua waliomtuma. Mimi mgeni, fundi wa kanzu, nikwambie nini tena?"

Pandu alitazama sakafu. Alitaka mtu huyu amtukane, na alijua hatatukanwa.

"Uko huru," alisema. "Karatasi hii hapa. Masoud nitaandika ripoti yake leo, na jina langu litakuwemo, liwe litakalokuwa."

"Ahsante."

Hakusimama. Alikuwa akihesabu kitu kwa vidole, na Pandu alifahamu kuwa ni siku mpaka Alkhamisi.

"Telegramu inafika Ngazija lini?" Mmadi aliuliza.

"Ikipelekwa leo, inafika Jumatatu."

"Basi nataka kumpa uwakala ndugu yangu, amuozeshe yeye binti yangu. Uwakala unataka mashahidi wawili."

"Koplo yupo," alisema Pandu. "Na mimi."

Mmadi alifikiri kidogo, akakubali kwa kichwa. Mcha aliitwa akasimama mlangoni. Pandu alitoa kalamu, akaiweka karatasi juu ya goti lake, akaandika kama alivyoambiwa, kwa herufi kubwa: NDUGU MBARAKA NAKUWAKILISHA KUMUOZESHA MWANAKHEIR.

"Nitie sababu?" aliuliza.

"Hapana."

"Nitie kwamba utakuja na meli ya mwezi wa pili?"

Mmadi alivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa vidole viwili.

"Andika msiningoje," alisema.

Pandu akaandika.